Kompyuta Mbili Mezani, Oli

Baba alinunua kompyuta ya pili kwa akili ya mtu anayenunua ng'ombe wa pili: alidhani ukiwafunga karibu, watazoeana. Hakumwuliza mtu. Alikwenda Koboko kwenye matanga, akarudi na mashine iliyoviringishwa ndani ya blanketi, akaiweka mezani kando ya ile yangu. Akatuambia mimi na mdogo wangu kwamba sasa kila mtu ana ya kwake, na hataki kusikia tena kelele za zamu.

Kelele ndiyo kwanza zilianza.

Hii ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mjini Arua, katika nyumba yetu ya mtaa wa Oli. Tulikuwa watatu tu. Mama tulimwacha kaburini Sudan, ukimbizini. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa yangu kunishinda, na sioni haya kulisema. Mdogo wangu, kitinda mimba wa nyumba, alikuwa anasomea kilimo katika chuo kimoja Kampala, na alikuwa amerudi nyumbani kuandika kazi yake ya mwisho. Baba alikuwa dereva wa jeshi hadi serikali ilipoanguka mwaka 1979. Baada ya hapo alikuwa mkimbizi, halafu muuza vitunguu, halafu mzee wa barazani anayejua bei ya kila kitu na hanunui.

Kompyuta ya kwanza niliachiwa na shirika la wageni nililolifanyia ukarani. Walipofunga ofisi waliona ni taabu kuisafirisha, wakaniambia nichukue, pamoja na printa. Ilikuwa sanduku la rangi ya maziwa, yenye vipicha kwenye kioo na kipanya cha kuvibofyia. Ukitaka kutupa kitu unakikokota hadi kwenye picha ya pipa. Baba aliicheka sana, akaiita Bibi Harusi, kwa kuwa haitaki kuambiwa neno, inataka kuguswaguswa tu. Ile ya Koboko ilikuwa ya kukunja, ya kijivu, na haikuwa na picha hata moja. Ulipoiwasha ulipata kioo cheusi na kistari kinachopepesa, kikingoja amri. Ilitumia mfumo wa DOS. Ukikosea herufi moja ilikujibu kwamba amri ni mbaya, ikanyamaza. Hiyo Baba aliipenda. Aliiita Sajini.

Mdogo wangu alimchukua Sajini, kwa sababu moja tu: alitumia betri. Bibi Harusi alitaka umeme, na umeme wa mji ulikuja jioni ukijisikia. Kwa hiyo msichana wa watu aliandika mchana kutwa kwa Sajini, na tulipopata jenereta ya jirani tulihamishia maandishi kwa Bibi Harusi, maana printa ilikubali kufungwa kwake tu. Njia ya kuhamisha ilikuwa disketi, kile kipande cha plastiki kinachobeba maandishi. Na hapo ndipo palipokuwa na shida, kwa sababu hawa wawili hawakusomana. Disketi aliyoandika Sajini, kwa Bibi Harusi ilikuwa kitu kisichojulikana.

Palikuwa na dawa yake. Ndani ya Bibi Harusi kulikuwa na programu ndogo ya kutafsiri. Uliifungua kwanza, ukangoja, kisha ndipo ukasukuma disketi ndani. Ukitanguliza disketi, Bibi Harusi aliishangaa, akadhani haijawahi kutumika, akakuuliza kama aiandae upya. Kuiandaa upya maana yake ni kufuta kila kilichomo. Niliwaeleza Baba na mdogo wangu utaratibu huo mpaka mate yakanikauka: programu kwanza, disketi baadaye. Baba alisimama nyuma ya kiti changu kila tulipohamisha, akitikisa kichwa kama mtu anayekagua injini. Alikuwa amejifunza hata kutafuta herufi kwa kidole kimoja, akiandika majina ya miji aliyopita na lori la jeshi.

Sasa niseme kilichokuwa hatarini, maana nyumba nzima ilikuwa haipumui kwa ajili yake. Mdogo wangu alikuwa ameandika juu ya wakulima wa tumbaku wa Dadamu, na jinsi wanavyogawanya shamba kati ya tumbaku na chakula. Siku ya kupeleka kazi ilikuwa imempita, kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa. Waasi walikuwa wanapiga mabasi, na magari yaliondoka Arua kwa msafara wenye askari tu. Wiki nyingine msafara haukuwepo kabisa. Chuo kilimwongezea muda mara moja, kikasema hakutakuwa na mara ya pili. Asipofika na kazi iliyochapwa, anaondolewa. Na kumrudisha mtu mwanzo hatukuwa na uwezo. Alikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kufika pale, mwanamume au mwanamke.

Kazi ilikuwa na sura tano. Tatu tulikwisha kuzihamishia kwa Bibi Harusi. Mbili za mwisho, zile zenye hesabu za mavuno na maoni yake mwenyewe, zilikuwa kwenye disketi tu, kwa kuwa Sajini hakuwa na ghala ndani ya tumbo lake. Kila alichokijua kilikaa kwenye disketi. Na disketi nzima tuliyobaki nayo ilikuwa moja. Nyingine zilikufa kwa vumbi na joto, na Arua yote hukuweza kupata mpya hata ukilia.

Basi habari ikaja asubuhi moja kwamba msafara utaondoka kesho yake. Mdogo wangu akamaliza sura ya tano baada ya swala ya adhuhuri, akaitoa disketi, akaiweka juu ya kitambaa cha meza kwa mikono miwili kama yai. Kwenye tangi la jenereta kulikuwa na petroli ya kutosha kuhamisha na kuchapa, basi. Petroli wakati huo ilikuwa ya magendo, ile ya vijana wanaouza kwa chupa kando ya barabara, na tangu barabara zichafuke hata wao walikuwa wamekaa na chupa tupu. Tukakubaliana: sisi wawili twende stendi kukamata nafasi ya basi, tukirudi tuwashe jenereta, tuchape, tumalize. Baba akabaki kulinda. Nilimwambia mtu asiguse. Akasema sawa.

Inabidi nieleze jambo moja kuhusu Baba na neno ndiyo. Tangu turudi kutoka ukimbizini alikuwa anajibu ndiyo kabla swali halijaisha. Kwenye vizuizi vya barabarani askari akifungua mdomo tu, Baba alishasema ndiyo afande. Hospitali muuguzi alimwuliza kama anavuta sigara, akasema ndiyo, mtu ambaye moshi wa kuni tu unamkohoza. Mimi nilimcheka sana kwa hilo. Nilimwambia siku moja ataulizwa kama yeye ni mwizi wa mbuzi, na tutamfuata gerezani na uji. Alicheka naye, lakini hakuacha.

Tulirudi kutoka stendi jua likiwa limeanza kulala. Tulikuwa tumepata nafasi, kiti cha nyuma kabisa, na mdogo wangu alikuwa anaimba chini kwa chini. Tulipokaribia nyumba nikasikia jenereta inaunguruma. Damu ikanipanda. Ile petroli ilikuwa ya kuhesabiwa kwa matone, na mzee anaichoma! Niliingia ndani nikiwa tayari na maneno mdomoni.

Baba alikuwa ameketi mbele ya Bibi Harusi, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti. Hakugeuka. Kwenye kioo palikuwa na dirisha moja wazi, jeupe, tupu. Juu yake, mahali pa jina la disketi, palikuwa na jina la mtu. Nilipolisoma, niliyasahau yote niliyokuja nayo mdomoni.

Mdogo wangu hakuliona jina. Yeye aliona utupu. Alishika kipanya, akabofya, akafunga dirisha, akalifungua tena. Kisha akauliza kwa sauti ndogo sana sura zake ziko wapi.

Ilibidi mimi nimweleze, maana nilikwisha kuelewa. Baba alitaka kutusaidia. Aliona muda unakwenda, akawasha jenereta na mashine ili tukirudi tukute kila kitu tayari, akasukuma disketi ndani. Programu hakuifungua. Bibi Harusi akauliza kama aiandae upya. Baba akabonyeza ndiyo. Akaonywa kwamba kila kilichomo kitafutika, aendelee? Ndiyo. Akaulizwa jina jipya la disketi. Akaliandika.

Mdogo wangu alikaa sakafuni. Hakulia. Alishika kichwa akawa anatikisika mbele na nyuma, na mimi nikamgeukia Baba kwa hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tena juu ya mtu yeyote. Baba alijua kusoma. Kiingereza cha jeshi alikuwa nacho cha kutosha, na onyo lile lilikuwa limeandikwa wazi. Hilo ndilo lililonichoma. Nilimwuliza kama alisoma kilichoandikwa.

"Sikusoma," akasema. "Iliniuliza. Mimi najibu."

"Mara mbili, Baba? Inakuonya, na bado unasema ndiyo?"

"Ile siku ya Koboko pia waliuliza mara mingi."

Jenereta ikakohoa mara moja, ikazimika. Kioo cha Bibi Harusi kikafa. Nakumbuka nilifikiri petroli nayo imekwisha, na sikuweza hata kukasirika.

Baba akasimulia, akitazama kioo kilichozimika. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nne tulipokimbia, na nilijua kisa hiki upande mmoja tu. Nilijua kwamba askari wa serikali mpya walipoingia kwetu, Baba na mdogo wake wa kumfuata, baba yetu mdogo, walitangulia kutafuta njia ya kuvukia mpaka. Nilijua kwamba Baba alirudi peke yake, na kwamba kuanzia siku hiyo jina la baba mdogo halikutajwa nyumbani. Tukilikaribia, Mama alitukonyeza tunyamaze. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka minne tu wakati huo, akibebwa mgongoni njia nzima, alikua bila kulisikia kabisa. Na sasa nilikuwa nimeliona kwenye kioo cha kompyuta.

Baba alisema walisimamishwa karibu na Koboko. Askari waliwauliza kwa lugha ambayo yeye na mdogo wake hawakuijua. Mtu mbele yao kwenye foleni alikuwa amesema hapana, akapigwa kitako cha bunduki mpaka akaacha kusogea. Zamu yao ilipofika, Baba akasema ndiyo. Wakauliza tena, akasema ndiyo. Wakauliza mara ya tatu, wakimwonyesha mdogo wake kwa kidole.

"Nikasema ndiyo," akasema Baba. "Wakamvuta kando. Halafu mmoja akauliza jina kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa natazama ndugu yangu tu, nikatoa jina ya kwake. Mpaka leo sijui niliulizwa nini."

Mdogo wangu aliinua kichwa. Baba akamwambia kwamba mashine ilipoanza kuuliza, hakuona herufi. Mkono ulijibu wenyewe. Ilipotaka jina, likaja lile lile, na alipolimaliza ndipo akarudiwa na akili, akaketi akitungoja sisi.

Sijui watu wengine hufanya nini wanapoambiwa jambo kama hilo na baba yao. Mimi nilikwenda jikoni nikabandika chai, kwa sababu mikono yangu ilihitaji kazi. Niliporudi, mdogo wangu alikuwa amekwisha kumfungua Sajini. Betri yake ilikuwa imejaa. Uso wake ulikuwa mkavu, na nilimwogopa kidogo. Alisema anazikumbuka sura zote mbili, ana makaratasi ya hesabu za Dadamu, ataandika upya sasa hivi kwa Sajini, petroli ikipatikana asubuhi tutachapa kabla ya basi. Akasukuma disketi kwa Sajini.

Sajini naye hakuitambua. Sasa ilikuwa ni disketi ya Bibi Harusi. Ikabidi mdogo wangu aandike amri ya kuiandaa upya, na Sajini, kama mwenzake, akauliza: vyote vilivyomo vitapotea, tuendelee? Kidole cha mdogo wangu kikasimama juu ya herufi ya ndiyo.

Baba aliuliza inasema nini.

"Inauliza kama nifute jina, Baba," akasema. "Nikikubali, naanza kazi sasa hivi."

Nilimtazama msichana yule na nikaelewa kwamba hamtesi. Alikuwa anamwuliza kweli. Hakumkumbuka baba mdogo hata kwa sura, na chuo chake kilikuwa kinamponyoka mikononi, lakini alikiacha kidole hewani akangoja.

Baba alichukua muda mrefu. Kwa mara ya kwanza nilimwona mzee yule akilifikiria swali.

"Usifute," akasema. "Ngoja. Mimi natafuta petroli."

Nilitaka kumwambia hakuna petroli Arua nzima, na kwamba mtoto wake hawezi kupoteza masomo yake kwa ajili ya jina kwenye kipande cha plastiki. Ulimi wangu ulikuwa tayari, na anayenijua anajua ni ulimi gani. Lakini mdogo wangu alikwisha kuitoa disketi. Baba akachukua jerikeni nyuma ya mlango, akatoka.

Huko alikopita nilikuja kusimuliwa na wengine. Alikwenda kwa wale vijana wa chupa, hawakuwa na kitu. Akapanda hadi Onduparaka kwa dereva aliyekuwa naye jeshini, mtu ambaye hakusalimiana naye tangu kurudi kutoka ukimbizini, kila mmoja akimdhania mwenzake mambo ya wakati ule. Walichozungumza sijui. Alirudi jerikeni ikiwa na petroli chini ya nusu, na yule dereva nyuma yake akimsaidia kuibeba.

Mdogo wangu aliziandika sura mbili moja kwa moja kwa Bibi Harusi, yeye aliyekuwa anamdharau na kipanya chake. Mimi nilimsomea hesabu kutoka kwenye makaratasi. Baba na mwenzake walikaa nje na jenereta, wakiisikiliza kama mgonjwa, na kila ilipobadilisha mlio nilisikia viatu vyao vikikimbia. Sura ya tano ilitoka fupi kuliko ile iliyopotea, na mdogo wangu anasema mpaka leo ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Printa ilipotoa ukurasa wa mwisho jenereta ilikuwa inavuta hewa.

Asubuhi stendi ilijaa askari wa msafara. Walikuwa wanakagua mizigo ya kila anayepanda, na walikuwa na haraka na hofu yao wenyewe, kwa sababu ni wao waliotangulia mbele ya mabasi. Mdogo wangu alikuwa amebeba begi la nguo. Mfuko wenye kazi yake aliubeba Baba, hakutaka kumpa mtu. Walipofika mlangoni mwa basi askari mmoja kijana akampokonya Baba mfuko, akachungulia makaratasi, akamwuliza kitu kwa haraka kwa lugha ya kwao.

Niliona bega la Baba likishtuka. Nikaona mdomo unafunguka, na nikafumba macho, kwa sababu nililijua jibu.

"Sijaelewa," Baba akasema. "Uliza tena."

Nilifumbua macho. Askari alikuwa anamkazia macho. Watu nyuma yetu waliacha kusukumana. Baba alisimama mikono ikining'inia, shati limemlowa mgongoni, na hakusema ndiyo wala hakusema afande. Alingoja. Yule kijana akavuta pumzi, akauliza kwa Kiswahili, polepole, kama huu mfuko ni wa kwake na kama yeye ndiye anayesafiri.

"Mimi sisafiri. Mfuko iko ya binti yangu huyu. Ndani iko kazi yake ya shule."

Askari akaurudisha mfuko kwa mdogo wangu, akampungia mkono apande.

Kazi ilifika Kampala na ikapokelewa, ingawa hilo tulikuja kulijua baadaye. Asubuhi ile tulijua tu kwamba basi limeondoka naye ndani. Baba alisimama hadi vumbi likatua. Kisha akanishika mkono, akaniambia kwamba mdogo wake alikuwa mrefu kuliko yule askari, tena mcheshi, na kwamba viatu vyake vilikuwa vinamkaa Baba vikubwa. Aliendelea kunisimulia habari zake mpaka tukafika Oli, na mimi sikumkatiza.